Nimepata mkataba wa kujitolea Ujerumani mwaka mzima, niingie na visa ya utalii nibadilishe huko huko?

Swali: "Shikamoo dada. Nina miaka 24, niko Njombe, nimemaliza diploma ya ustawi wa jamii. Nimepata nafasi ya kujitolea Ujerumani, inaitwa Bundesfreiwilligendienst, kwenye nyumba ya watu wenye ulemavu karibu na Stuttgart, miezi 12 kuanzia tarehe 1 Septemba. Mkataba nimetumiwa kwa email, tumesaini mimi na kituo. Posho Euro 420 na chumba wanatoa. Sasa kuna agent wa Dar anasema visa ya kujitolea inasumbua, bora niombe ya utalii ya siku 90 nikifika nibadilishe. Anataka milioni 3 na nusu, na atanijazia hela kwenye akaunti ili statement ionekane nzuri. Na nikiulizwa kama nitarudi nijibuje? Tayari ni mwezi wa tatu, nina wasiwasi na muda."

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, maana kupata kituo ndo kazi ngumu kuliko yote na we umeshaimaliza. Kama hela ya huyo agent hujaitoa basi usiitoe, na kama umeshatoa kidogo mwambie akurudishie leo leo kabla hajaanza kukwambia ameshaipeleka "kwa mtu wa ndani". Mi nimeenda kwa njia hii hii ya kujitolea, na tangu nirudi kila mwaka nakaa na vijana tunapanga makaratasi yao, kwa hiyo nachokwambia hapa nimekiona kwa macho.

Tuanze na hiyo hadithi ya utalii maana ndo inayoharibu watu. Visa ya Schengen, ile fupi ya utalii, inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180 na basi, haikupi ruhusa ya kufanya huduma ya mwaka mzima hata kama huduma yenyewe hailipwi mshahara. Hiyo "kubadilisha huko huko" anayokuuzia haipo kwa sisi wenye pasipoti ya Tanzania. Sheria yao ya ukaazi inataka uwe umeingia na visa ya lile jambo unaloenda kulifanya, kwa hiyo ukifika ofisi ya wageni ya mji wako na kibandiko cha utalii watakuangalia kwa upole kabisa, Wajerumani wa ofisini wana upole fulani unaoumiza, halafu watakwambia rudi kwenu ukaombe visa sahihi. Nauli ya kurudi ni yako. Kituo kinakuwa kimekusubiri bure, na kwenye mfumo wao inabaki kwamba uliomba utalii huku mfukoni una mkataba wa miezi 12, na ombi lako la pili linapita kwenye mikono ile ile. Agent yeye shughuli yake inaishia Julius Nyerere pale unapopita mlango wa wasafiri, yanayofuata hayamhusu.

Unachotakiwa kuomba ni visa ya kitaifa, wao wanaiita D, ya kukaa zaidi ya siku 90. Ada yake ni Euro 75. Sikiliza hiyo namba vizuri, Euro 75, wakati ile ya utalii tangu Juni 2024 ni Euro 90. Yaani anakutoza milioni 3 na nusu akuombee visa iliyo ghali zaidi na isiyokufaa.

Na wala haisumbui kama anavyosema. Watu wengi wanachanganya visa ya kujitolea na ya mwanafunzi. Mwanafunzi ndo anaambiwa afungue akaunti maalum aweke hela ya mwaka mzima, Euro 11,904, hapo kila mtu anakimbia. Wewe hudaiwi hiyo, kwa sababu kituo kinakupa chumba, kinakupa posho na kinakulipia bima. Na mtu anayeenda kuajiriwa mara nyingi faili lake linapita kwanza kwa ofisi yao ya kazi wakague mshahara na masharti, la kwako halipiti huko, huduma za kujitolea zilizowekwa kisheria zimesamehewa hicho kibali. Hizo ndo hii Bundesfreiwilligendienst yako, watu wanaifupisha BFD, ilianza 2011 walipositisha jeshi la lazima maana vijana waliokuwa wanakataa bunduki ndo walikuwa wakihudumia wazee na walemavu, pengo likabaki. Nyingine ni FSJ, mwaka wa kujitolea kwenye huduma za kijamii, ambayo ni ya walio chini ya miaka 27. Kwenye sheria ya ukaazi utaona wanakutaja chini ya kifungu cha 19c. Huna haja ya kukikariri ila ukikiona kwenye barua usishtuke.

Kwa hiyo visa yako imebebwa na mkataba. Afisa anaangalia mkataba kwanza, wewe anakuangalia baadaye, aone kama mtu aliyeandikwa mle ndo huyu aliyesimama dirishani na kama anajua anakoenda. Ndo maana nataka tuusome huo mkataba wako, maana umeniambia vitu viwili vitatu vimenifanya nikae vizuri kwenye kiti.

La kwanza ni saini. Umesema mmesaini wewe na kituo. Kwa BFD hizo mbili hazitoshi. Mkataba wa BFD kisheria ni kati yako na serikali ya shirikisho, na serikali pale inawakilishwa na ofisi moja iko Köln, kifupi chake BAFzA. Mpaka wao wasaini ulichonacho ni karatasi ya makubaliano tu. Nenda ukurasa wa mwisho kabisa, tafuta sehemu imeandikwa Bundesamt, yaani hiyo ofisi ya Köln, angalia kama juu yake kuna saini na tarehe au ni mstari mtupu. Kwa ulivyonieleza nadhani ni mtupu. Sio kosa la mtu, ndo mzunguko wao, kituo kinasaini kinapeleka kwa shirika lake mama, shirika linapeleka Köln, Köln inarudisha, ila kuna kijana mmoja wa hapa hapa nyanda za juu alienda ubalozini na huo wenye mstari mtupu, akasafiri basi siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, akaambiwa faili halijakamilika. Alilia kwenye simu. Leo hii waandikie kituo uwaulize mkataba uko hatua gani na lini utakuwa na saini ya Bundesamt.

La pili, posho. Euro 420 ni sawa, wala usiogope kwamba ni ndogo, hiyo sio mshahara, na sheria ina kiwango cha juu ambacho hawaruhusiwi kuvuka, kwa 2025 kilikuwa Euro 644 kwa mwezi, vituo vingi vinatoa chini ya hapo. Michango ya bima ya afya na ya pensheni kituo kinalipa chote juu yake, hawakukati kwenye hiyo 420. Shida inaanza pale kwenye mstari wa chakula. Umeniandikia chumba wanatoa, chakula hujasema. Kwenye fomu kuna neno Unterkunft, hilo ni malazi, na Verpflegung, hilo ni chakula, na kila moja linajazwa kivyake, ama wanakupa chenyewe ama wanakupa hela badala yake ama hawatoi. Kama Verpflegung imeachwa wazi, afisa anapiga hesabu, 420 toa chakula toa nauli, anaanza kujiuliza utaishije. Waombe waijaze. Vituo vingi vya walemavu mnakula pamoja na wakazi, kwa hiyo chakula kipo, hakijaandikwa tu, na kwa ubalozi kisichoandikwa hakipo. Waombe pia barua fupi yenye anwani kamili ya chumba, jina la mtaa na namba ya nyumba, isiishie "tutamtafutia".

La tatu ni jina, na hapa naomba usome taratibu. Jina kwenye mkataba liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu, wao wana la kwanza na la ukoo, kwa hiyo aliyejaza mkataba huko mara nyingi anachukua mawili anaacha la baba, au la baba analifanya ndo la ukoo. Alafu cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, NIDA ina matatu, cheti cha kuzaliwa cha RITA kimeandika "Elizabet" bila h mwishoni. Kila moja peke yake ni jambo dogo ila ukizipanga mezani zinaonekana kama watu wanne tofauti. Mkataba ni rahisi kurekebisha, unawatumia picha ya ukurasa wa pasipoti wanauandika upya. Vyeti vya huku, kama tofauti ni ya herufi moja mbili, nenda kwa wakili akuandalie hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na kama tofauti ni kubwa kuna deed poll, hati ya kubadili jina. Fanya mwezi huu, usisubiri wiki ya miadi.

Pasipoti yenyewe unayo? Hujasema. Kama huna anza nayo leo kabla hata ya kumaliza kusoma hapa, ada ya hii ya kielektroniki ni shilingi 150,000, na unahitaji NIDA na cheti cha kuzaliwa, na hapo hapo ndo watu wanagundua hayo majina niliyokwambia.

Sasa muda. Huduma inaanza 1 Septemba, hesabu kwa kurudi nyuma. Baada ya kupeleka maombi, ubalozi unatuma faili kwa ofisi ya wageni ya kule utakapoishi, wilaya yako ya karibu na Stuttgart, na wale wa kule ndo wanaokaa nalo. Kwa uzoefu wangu wiki 4 ni bahati, wiki 8 ni kawaida, 12 nimeshaona. Weka na muda wa kungoja miadi yenyewe. Kwa hiyo mpaka mwishoni mwa mwezi wa tano faili lako liwe limeshaingia, na tukiwa mwezi wa tatu huna haraka ya kukimbilia agent ila huna pia muda wa kulala. Na kuna njia ya kupunguza kusubiri ambayo vijana wengi hawaijui kwa sababu haiko mikononi mwao: kituo chako kinaweza kwenda kwenye hiyo ofisi ya wageni ya kwao kuomba ridhaa ya mapema, inaitwa Vorabzustimmung. Wakikupa hiyo barua ukaiambatanisha, ubalozi hauna tena wa kumsubiri, unaamua. Sio ofisi zote zinakubali, ila kuuliza ni bure, na meneja wa kituo anayesema "sijawahi kusikia" mwambie aulize tu kwa simu. Mi kundi moja nililosaidia wawili waliipata na wawili hawakuipata, na waliopata walisafiri wakiwa wamelala usingizi wa kutosha.

Maombi yenyewe siku hizi sehemu kubwa unaanzia mtandaoni, wizara yao ya mambo ya nje ina portal ya visa za kitaifa, tangu Januari 2025 wameifungua kwenye balozi zao zote zinazotoa visa, unajaza unapandisha makaratasi wanakagua kwanza kama yametimia. Hiyo ni neema kwa mtu wa Njombe maana zamani karatasi moja ikikosekana ulikuwa unaijua ukiwa dirishani. Lakini safari ya Dar ipo pale pale, lazima uende mwenyewe na originali zako, uchukuliwe alama za vidole na uhojiwe kidogo. Fuata orodha ya ubalozi wa Dar yenyewe, usichukue ya rafiki yako aliyeombea Nairobi. Kwa ujumla utabeba pasipoti, picha zile za biometriki milimita 35 kwa 45, mkataba, wasifu wako, barua ya kueleza kwa nini unaenda, vyeti vya shule, na uthibitisho wa bima ya zile siku chache kati ya kutua na kuanza huduma. Hii ya bima wengi wanaisahau kwa sababu wanajua kituo kinalipa bima. Kinalipa kuanzia 1 Septemba. Ukitua tarehe 27 Agosti ukateleza kwenye ngazi tarehe 29, hiyo ni yako. Bima ya safari ya wiki mbili tatu haina gharama ya kutisha, kituo kinaweza hata kukununulia, waulize. Barua zilizoandikwa Kiswahili, kama ile ya mchungaji au ya mwenyekiti wa mtaa, kama unaona lazima uziweke basi ziwe na tafsiri, ila ukweli barua ya mwenyekiti haijawahi kumpatia mtu visa. Na cheti cha polisi cha tabia njema, kituo kinachohudumia walemavu au watoto mara nyingi kitakitaka hata kama ubalozi haukutaja, kwa hiyo kiombe ukiwa bado huku. (Wasomaji wa Kenya, hicho kwenu ndo certificate ya good conduct ya DCI, mnaombea eCitizen, mengine ya mkataba ni yale yale.)

Siku ya miadi, lala Dar. Usiseme utatoka na basi la alfajiri ya siku hiyo hiyo, hapana. Fika jana yake, shuka stendi ya Magufuli Mbezi, lala kwa ndugu, asubuhi panda mwendokasi mpaka Posta utembee mpaka Umoja House, pale kona ya Mirambo na Garden Avenue, jengo lina balozi kadhaa kwa hiyo mlinzi atakuuliza unaenda kwa nani. Simu wanaiweka getini. Kama namba ya miadi na anwani ya kituo viko kwenye simu tu basi umekwisha, viandike kwenye karatasi. Ada unalipa kwa shilingi kwa rate yao ya siku hiyo, beba zaidi kidogo.

Dirishani. Hapa ndo wale waliolipa agent wanaangukia, kwa sababu barua wameandikiwa. Nilikuwa na kijana, barua yake ya motisha ilikuwa nzuri mno, ukurasa mzima wa kubadilishana tamaduni na kujenga daraja kati ya mabara. Afisa akaweka barua pembeni akamuuliza swali moja, "Ukifika kazini asubuhi, kitu cha kwanza utafanya nini?" Kijana akasema atabadilishana tamaduni. Wallahi. Nyumba ya wazee, saa 12 na nusu asubuhi, utamaduni gani unabadilishana na bibi anayetaka kuamshwa aende chooni? Waandikie kituo wakuelezee siku moja ya kawaida tangu asubuhi mpaka jioni: unawaamsha wakazi, unawasaidia kuvaa, kifungua kinywa, unawasindikiza karakana, mchana mnapika, unamsukuma mmoja kwenye kiti mpaka kwa daktari. Ukiijua hiyo siku barua unaiandika mwenyewe na inakuwa fupi na inaaminika. Na we una faida kubwa, umesoma ustawi wa jamii, sema field ulifanyia wapi, ulikutana na mlemavu wa aina gani, nini ulishindwa kumsaidia. Sentensi mbili za hivyo zinatosha.

Kijerumani. Sheria ya BFD haijakutajia level, lakini mtu anayeenda kuhudumia watu mwaka mzima bila kujua hata kuuliza "unaumwa wapi" anatia shaka, na afisa anaweza kukurushia maswali mawili hapo hapo. Unaitwa nani, unatoka wapi, utafanya kazi gani, kituo kinaitwaje. Kama una cheti cha Goethe, ile taasisi yao ya lugha, cha A1 yaani ngazi ya mwanzo kabisa, vizuri, A2 vizuri zaidi. Kama huna cheti kabisa jifunze hata hivyo, kuna miezi miwili ya kutosha, na sentensi kama "Ich möchte mit Menschen mit Behinderung arbeiten", yaani nataka kufanya kazi na watu wenye ulemavu, iseme mpaka ulimi uzoee, isikike kama ya kwako, maana wanaokariri wanajulikana, ukiwakatiza katikati wanaanza upya kutoka mwanzo kama watoto wa ngonjera.

Sasa hilo swali lako la kurudi. Hapa agents wanawafundisha watu kuapa, "nitarudi, nina shamba, nina mchumba". Afisa ameshasikia mashamba na wachumba wa kutosha. Mi nakwambia sema kweli ila sema kilichopo kwenye visa unayoomba. Unaomba miezi 12 ya huduma. Mpango wako baada ya hapo ni upi? Kama ni kurudi kutafuta kazi kwenye vituo vya walemavu huku, sema kituo gani au aina gani ya kazi. Kama hujui, sema unataka kwanza uone kazi ilivyo. Na kama rohoni unajua unachotaka ni kusomea uuguzi kule kwa ule mfumo wao wa kusoma huku unalipwa, Ausbildung, basi tuongee tofauti kabisa, kwa sababu hiyo ina visa yake, mkataba wake, na lugha yake ya B1 au B2, na labda ungeomba hiyo moja kwa moja. Ni kweli watu wengi wanamaliza BFD wanapata Ausbildung wakiwa kule kule na kibali kinabadilishwa kihalali, hilo linaruhusiwa kwa mtu mwenye kibali cha ukaazi, tofauti na yule wa utalii, na hapo unaona kwa nini nimekukatalia ile njia ya agent kwa nguvu. Lakini kwenda dirishani ukaapa kitu ambacho ukiulizwa mara ya pili kinabadilika, hapana. Ila kama nafasi yako ingekuwa ya weltwärts, ule mpango wa wizara yao ya maendeleo ambao tangu 2013 unapokea vijana kutoka huku, ule umejengwa juu ya kurudi nyumbani na shirika lililokutuma, na gharama zako wanabeba wao mpaka nauli. Wa kwako sio huo, kwa hiyo tiketi jiandae kununua mwenyewe, japo usinunue mpaka visa iwe mkononi. Weka booking tu kama wameomba.

Hiyo ya kujaziwa akaunti sijaisahau. Usikubali kabisa. Kwanza kwa visa yako statement ya benki sio nguzo, nguzo ni mkataba. Pili, akaunti ambayo miezi 5 ina elfu 40 elfu 60 halafu ghafla wiki moja inaingia milioni 8, hata mimi nisiye afisa naiona. Ukiulizwa hela imetoka wapi utasema nini, na ukisema uongo ulioandikwa umeharibu faili ambalo lilikuwa safi. Hata kama una elfu 40 tu, mkataba uliojazwa vizuri unakubeba.

Wakikunyima? Barua itakuja na sababu, isome neno kwa neno, mara nyingi ni kitu cha kurekebika, posho haitoshi kwa sababu chakula hakikuandikwa, lengo halijaeleweka, karatasi imekosa. Zamani ulikuwa unaandika barua ya kuomba waangalie upya bila gharama, hiyo njia wameifuta dunia nzima kuanzia 1 Julai 2025. Nasema hivi kwa sababu bado kuna watu wanauza "barua ya rufaa ubalozini" kwa laki 3, barua ya kwenda mahali ambapo hapapo tena. Kilichobaki ni mbili: unaomba upya na faili lililorekebishwa, au unashtaki mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua, kwa kawaida mwezi mmoja. Kwa mtu wa kujitolea mi nashauri kuomba upya, kituo kikikubali kusogeza tarehe ya kuanza, na vingi vinakubali, wana shida ya watu kweli kweli.

Ukishaipata, angalia kibandiko kabla hujaondoka pale: jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha. Usishangae ukiona miezi 3 au 6 wakati mkataba ni 12, mara nyingi wanakupa ya kuingilia, kibali cha mwaka mzima unakichukua kule. Ndani ya wiki 2 tangu uhamie chumbani unajiandikisha makazi kwenye ofisi ya mji, unahitaji karatasi ya mwenye nyumba, kituo kitakupa. Na siku hiyo hiyo ya kujiandikisha omba miadi ya ofisi ya wageni, usisubiri visa ikaribie kuisha, maana miadi yao inaweza kuwa miezi miwili mbele. Kibali cha mpaka mwaka mmoja ni Euro 100, uliza kituo kama wanarudisha. Mi mwaka wangu nilizembea, nikawa naona wiki zinaisha kwenye kibandiko huku sina miadi, meneja wa kituo akapiga simu mara 4 ndo nikapata nafasi, na yule mama wa ofisini akaniambia kwa ule upole wao kwamba kalenda inauzwa Euro 2 dukani. Na utapata barua ya kudaiwa hela ya redio na TV, Euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna TV, usiitupe na usilipe haraka, mpelekee meneja kwanza, mara nyingi kwa wanaoishi ndani ya kituo inamalizika kwa fomu.

Kwa wengine mnaosoma na bado hamjapata kituo, nafasi za BFD na FSJ zinatolewa na mashirika yanayojulikana, Diakonie, Caritas, Msalaba Mwekundu wa Ujerumani, AWO, Internationaler Bund, fomu zao hazilipiwi. Atakayekuuzia fomu anakuuzia kitu cha bure.

Na wewe mdogo wangu, leo jioni email moja tu kwa kituo, yenye vitu vinne: saini ya Bundesamt, mstari wa Verpflegung, jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na swali la Vorabzustimmung. Ambatanisha picha ya ukurasa wa pasipoti. Kama Kijerumani chako hakijafika huko andika Kiingereza, watakuelewa. Wakijibu niandikie tuangalie ule ukurasa wa mwisho pamoja.